Nyoka Mmoja, Watabiri Watatu

Katika nchi hii ya majani chai, toka Kericho hata Bomet, bado twasikia watu wakiulizana kwa sauti ya chini: mtoto haponi, je, twende tukapigiwe ramli? Wengine wataka kujua siku njema ya kusafiri, au namba ya bahati. Na mtu akitaka kutuhakikishia kwamba utabiri ni kweli, hutuletea habari za orkoiyot.

Basi tuzitazame habari hizo. Yasemekana Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma, yaani gari la moshi. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Lakini Wakamba nao wasimulia hivyo hivyo juu ya Syokimau, na Wakikuyu juu ya Mugo wa Kibiru. Nyoka mmoja, watabiri watatu! Tena masimulizi hayo yaliandikwa gari likiwa limekwisha kupita. Utabiri uliotimia husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Ule ulioanguka hufukiwa kimya kimya. Ndiyo maana hesabu ya mtabiri huonekana nzuri siku zote.

Wanandi wenyewe hawakuwa wepesi hivyo. Kimnyole alibariki vita, na vijana wapatao 500 hawakurudi. Wakamlaumu pia kwa njaa na maradhi ya ng'ombe. Mwaka 1890 wakampiga kwa rungu hata akafa. Kumwua lilikuwa jambo ovu, wala hatulisifu. Lakini juu ya vita ile walikumbuka alichosema, wakakilinganisha na kilichotokea. Na kipimo hicho ndicho twakisoma katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 18.

Serikali ya kikoloni haikukitumia kipimo hicho. Baadhi ya wana wa Kimnyole walikuwa wamehamia kwa Wakipsigis, na ukoo wao wa Talai ukaheshimiwa na kuogopwa huku. Serikali ikadai kwamba waganga hao wanachochea wizi na uasi. Mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha, si waganga tu, bali ukoo mzima: watu kama 700, wanawake na watoto pamoja, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o. Wengi walifia huko. Waliosalia walikaa huko mpaka uhuru ulipokaribia. Mtoto mchanga alikuwa ametabiri nini? Serikali iliyojivunia elimu yake iliogopa damu ya ukoo, kama mtu aogopavyo mlio wa bundi usiku.

Nasi je? Twamcheka mpiga ramli mchana, lakini kijana wetu akisema ataka kumwoa binti wa Talai, twakunja uso na kunong'ona habari za laana. Binti huyo amebatizwa kama sisi, achuma chai pamoja nasi tangu alfajiri, na hajatabiri hata mvua ya kesho.