Ordinatere ya mezani ikikataa kuwaka: kuanzia wapi mbele ya kuita fundi

Katika miji kama Bukavu, Goma, Uvira ama Butembo, sekretaria nyingi za pembeni ya barabara zinaishi kwa ordinatere moja ya mezani. Barua za kuomba kazi, maulizo ya mitihani, statuti za vyama, vyote vinapita humo. Siku moja kuran inakatika, inarudi kwa nguvu, na mashini haiwaki tena. Mwenyewe anaogopa, na akiambiwa kwamba inafaa kufuta yote na kuweka Windows upya, anakubali haraka. Lakini mara mingi kazi haijapotea. Iko ndani ya diski, na diski inaweza kuwa nzima hata kama vitu vingine vya mashini vimekufa.

Ili kujua ugonjwa uko wapi, kuna hali tatu za kutofautisha.

Ya kwanza: hakuna taa, hakuna ventilatere inayozunguka. Hapo shida inatafutwa ku kuran, kuanzia ukutani kuja ku mashini. Prizi ijaribiwe na kitu kingine, kama shaja ya simu. Kisha ralonji, kisha stabilizatere, kisha kamba inayoingia nyuma ya boksi, maana inalegea kirahisi. Hapo nyuma mara mingi kuna kibonyezo chenye alama 0 na I. Kinapaswa kuwa kwenye I. Mashini za zamani zinaweza kuwa na kingine cha 115 na 230. Umeme wa Kongo ni wa volti 220, kwa hiyo kikae kwenye 230. Kikiwekwa kwenye 115, alimentasio inaungua. Kama bado kimya, kamba ichomolewe, kibonyezo cha kuwasha kifinywe sekunde 30, kisha kujaribu tena. Ikikataa, inawezekana alimentasio imekufa. Hiyo inabadilishwa, haifunguliwi: umeme unaweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomoa kamba.

Ya pili: ventilatere inazunguka lakini ekra ni nyeusi. Ekra iko na kamba zake na kibonyezo chake, ianze kuangaliwa yenyewe. Kama ni nzima, na mashini inapiga bip bip, mara mingi inalalamikia bareti za RAM. Vumbi la kiangazi linaingia pale zinaposhikamana. Mashini ichomolewe kabisa, mtu aguse kwanza chuma cha boksi ili kuondoa umeme wa mwili, kisha atoe bareti, asugue polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa gomu ya kufutia kalamu ya risasi, apanguse, arudishe mpaka zishike vizuri. Kama ziko mbili, ajaribu moja moja.

Ya tatu: maandishi yanaonekana, lakini Windows haifunguki. Flashi yoyote iliyosahauliwa itolewe. Kama tarehe imerudi nyuma miaka mingi, pili ndogo ya volti 3, mara nyingi CR2032, imeisha. Inabadilishwa kama ile ya saa. Kama mashini inasema haioni diski, kamba mbili za diski ziangaliwe. Lakini diski ikitoa mlio wa tak-tak, isiwashwe tena. Kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi.

Neno la kukumbuka ni hili: mbele ya kuformata, fundi aombwe kutoa diski, kuifunga ku mashini ingine na kukopi kazi. Kuweka Windows upya kunaweza kungoja siku mbili. Faili zilizofutwa na kuandikwa juu hazirudi. Aambiwe wazi mashini ilizimika namna gani, inaonyesha nini sasa, na faili gani zisiguswe.

Tena, stabilizatere inasawazisha kuran tu. Haiwezi kushika mashini wakati umeme umekatika. Ondilere ndiyo inatoa dakika chache za kurekodi kazi na kuzima vizuri. Asiye nayo achomoe mashini mara tu umeme unapokatika, na asiirudishe mpaka kuran itulie. Na kopi ya kazi ikae ku diski ingine, fasi ingine: ikibaki ndani ya boksi ile ile, si kopi.