Simu, Upepo na Mwali: Istilahi za Mawasiliano Yasiyo na Waya

Neno "simu" tulilipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake mojawapo ni waya. Mitambo ilipoanza kupeleka habari bila waya, wasemaji wa Kiswahili hawakulitupa neno hilo, bali waliliongezea jingine: simu ya upepo. Kwa asili yake huo ni "waya wa upepo", wala hakuna aliyeona taabu.

Kandokando ya Ziwa Viktoria simu ya upepo ina historia ndefu. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wajerumani walikwisha kusimamisha mitambo yake Mwanza na Bukoba. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza, yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu, yaliishambulia Bukoba, na mtambo huo ulikuwa miongoni mwa shabaha zao kuu. Waliuharibu. Mwanza ilitekwa Julai 1916.

Mitambo hiyo ilitumia mawimbi ya redio. Wazo la kutumia mwanga lilikwisha kujaribiwa mapema zaidi: mwaka 1880 Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walipeleka sauti kwa mwanga wa jua huko Washington, umbali wa mita 213 hivi. Lakini jua hufunikwa na mawingu. Chombo kilichofaa kilianza kupatikana mwaka 1962, Robert Hall wa General Electric alipotoa leza katika kipande kidogo cha nusu-kipitishi, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kama kioo. Mwali wake ulikuwa wa infraredi, usioonekana kwa macho. Leza za namna hiyo ziliendelezwa hata mwanga wake ukaweza kubadilishwa mara mabilioni kwa sekunde, na mabadiliko hayo ndiyo yanayobeba data.

Wengi wetu twanufaika na leza hizo zikiwa zimefungiwa ndani ya nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa (wengine huandika "mkonga", ubishi huo tuuache kwa leo). Mwali ukitolewa nje ya kioo huweza kuvuka maji. Mwaka 2021 mradi wa Taara uliunganisha Brazzaville na Kinshasa juu ya mto Kongo kwa mwali wa kilometa 4.8, mahali ambapo waya ungelazimika kuzunguka zaidi ya kilometa 400. Katika siku 20 zilipita takribani terabaiti 700. Mkazi wa Mwanza atalinganisha upana huo na wa maji ya Kigongo na Busisi, yanayovukwa tangu 2025 kwa daraja la kilometa 3 hivi. Atakumbuka pia ukungu wa alfajiri, na makundi ya vijidudu vya ziwani yapaayo kama moshi. Vyote hivyo huweza kuudhoofisha mwali.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Akiandika "redio ya leza", ofisa atalitafuta jambo hilo katika jedwali la masafa ya redio, na hatalikuta. Kanuni za kimataifa huyahesabu mawimbi ya redio kuwa yaliyo chini ya gigahezi 3,000. Mwali wa mikrometa 1.55 una gigahezi 193,000 hivi. Tena neno "masafa" lenyewe limebebeshwa mizigo mitatu: umbali, urefu wa wimbi, na wingi wa mitikisiko kwa sekunde. "Mwali wa masafa mafupi" ni upi basi? Usiofika mbali, au wenye mawimbi mafupi? Mwanafunzi wa fizikia hawezi kujua, na mwalimu wake hawezi kumsahihisha kwa haki. Hapana budi "masafa" yaachiwe mitikisiko peke yake, na kwingineko tuandike "umbali" na "urefu wa wimbi".

"Pasiwaya" litufae kwa jumla, redio na mwanga pamoja. Chini yake napendekeza "mawasiliano ya mwali". Wapo watakaosema kwamba mwali ni msichana aliyewekwa ndani. Huyo wingi wake ni wali. Wa leza ni miali, na ngeli zinatosha kuwatenganisha. "Simu ya mwali" ingependeza masikioni, ila simu ya leo imekwisha kuwa kile chombo cha mfukoni.