Saa ya Kazi Ina Bei Yake

Asubuhi mapema, katika mtaa wa Bel-Air mjini Lubumbashi, watu hutoka kwenda kazini: huyu kiwandani, huyu dukani, huyu kulinda mlango wa mtu. Kila mmoja anauza kitu kilekile, yaani saa za maisha yake. Je, saa hizo zina bei? Na bei hiyo iliwekwaje? Ndugu msomaji, yafaa tuyajue mambo hayo, maana asiyejua haki yake ilikotoka huiacha ipotee.

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Watu wakaletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, hata Rwanda. Wakapewa nyumba kambini, posho na mshahara. Na sheria je? Kule Ubelgiji sheria ya saa nane za kazi kwa siku ilitolewa mwaka 1921. Lakini dekreti ya kazi iliyotolewa kwa ajili ya Kongo, tarehe 16 Machi 1922, ilikuwa na sura nyingine: Mwafrika aliyevunja mapatano yake, kwa mfano kwa kuacha kazi kabla ya siku zake kwisha, aliweza kutiwa gerezani. Serikali ilikuwa moja, mizani mbili.

Kisha vita vikaja. Mei 1940 Wajerumani waliishambulia na kuiteka Ubelgiji, na shaba ya Katanga ikatakiwa sana na Waingereza na wenzao. Kazi ikazidi, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Basi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière wakagoma, wakidai nyongeza. Tarehe 9 mwezi huo umati wao ulikuwa katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, akafika pamoja na askari. Léonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi, hakutaka maneno matupu, bali uthibitisho kwamba mshahara utaongezwa. Akapigwa risasi, na askari wakaufyatulia umati. Hesabu za waliokufa hazipatani, lakini ni makumi ya watu. Walikuwa hawakudai mali ya mtu. Walidai malipo ya jasho lao.

Baada ya hapo sheria ilibadilika polepole. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi, ingawa chini ya macho makali ya serikali. Katikati ya miaka ya 1950 adhabu ya kifungo ikaondolewa. Mwaka 1957 dekreti ikaweka mipaka ya saa za kazi na pumziko la Jumapili. Baada ya uhuru, Kongo ikapata sheria yake yenyewe ya kazi, tarehe 9 Agosti 1967. Na ile inayofuatwa leo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002.

Sheria hii yasema nini? Kazi isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Zikizidi, ni saa za ziada, na malipo yake hupanda: saa 6 za kwanza huongezwa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na saa za siku ya pumziko 100 kwa mia. Tufanye hesabu. Tuseme saa moja hulipwa faranga 1,000, na mtu amefanya saa 53 katika juma. Saa 8 ni za ziada. Sita za kwanza ni faranga 7,800, mbili za mwisho 3,200, jumla 11,000. Akilipwa 8,000 tu, amepunjwa 3,000, hata kama alipokea kwa shukrani. Tena mshahara hulipwa angalau mara moja kwa mwezi, wala usikawie zaidi ya siku sita baada ya mwezi kwisha.

Wengine husema, “Lakini alikubali mwenyewe.” Papa Leo XIII alikwisha kuwajibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mapatano peke yake hayafanyi mshahara kuwa wa haki, maana mwenye njaa hukubali lolote.

Hata hivyo sheria iliyoandikwa haijazi chungu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi kazi ya Union Minière, waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Sheria ilikuwapo, fedha haikuwapo mikononi.

Kwa hiyo, ndugu, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tunza karatasi za malipo. Ukipunjwa, sema kwanza na mkubwa wako kwa adabu. Asiposikia, nenda kwa Mkaguzi wa Kazi, maana shauri lazima lipite kwake kwa upatanisho kabla ya kufika barazani. Wala usikawie: dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja. Na wewe uliyeajiri mlinzi au mtumishi nyumbani mwako, hesabu saa zake kabla hajakukumbusha.