Rangi za Ndege za Vita katika Anga ya Ruvuma

Mji wa Nanyamba umekaa juu ya uwanda wa Makonde, katika njia itokayo Mtwara kwenda Tandahimba na Newala, na kusini yake unapita mto Ruvuma, uliofanywa mpaka kwa mapatano ya Wajerumani na Wareno ya 1886. Anga ya pwani hii, tangu Ruvuma hata Rufiji, imepitiwa na ndege za vita za mataifa kadhaa, na kila taifa lilikuwa na alama yake mbawani. Wako watu leo ambao burudani yao ni kuunda ndege hizo kwa umbo dogo, aghalabu kwa kipimo cha 1:72 au 1:48. Mwenye haraka atasema ni mchezo wa watoto. Lakini mwundaji makini hufika mahali ambapo kisu na gundi havimfai tena: hapana budi aulize ndege fulani, siku fulani, ilikuwa na rangi gani. Hapo amekwisha kuingia katika kazi ya mwanahistoria, apende asipende.

Mfano ulio bora kuliko yote umo katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mwezi wa Septemba 1914, ilijificha humo. Ndege ya kwanza kuitafuta ilikuwa mashua irukayo ya Curtiss, iliyotoka Durban pamoja na rubani wake, H. Dennis Cutler, aliiona Novemba, na Desemba akatekwa. Mwaka 1915 zikafuata Sopwith, zilizoharibiwa na joto na unyevu, kisha Short, na mwezi wa Juni Henri Farman na Caudron zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 6 na 11 Julai ndege hizo ziliwaongoza wapiga mizinga wa Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Katika siku ya pili Farman ya Cull na Arnold ilipigwa ikaanguka majini, na siku hiyohiyo Königsberg ikawa imekwisha.

Je, Farman ile ilikuwa na alama gani? Vita vilipoanza Waingereza walichora bendera yao mbawani. Kwa mbali msalaba wa bendera hiyo ulifanana na msalaba wa Kijerumani, na askari wao wenyewe wakawa wanazipiga ndege zao. Basi Desemba 1914 kikosi cha anga cha jeshi la nchi kavu kikaazima duara la Wafaransa na kugeuza mpangilio wake: buluu nje, nyeupe kati, nyekundu ndani. Wanamaji hawakufuata mara moja. Wao walichora pete nyekundu yenye weupe katikati, na ilikuwa katikati ya 1915 ndipo walipoingia katika alama ya wenzao. Vita vya Rufiji viliangukia palepale penye mageuzi. Tena amri iliyotiwa sahihi London ilikuwa na safari ndefu ya meli kabla ya kufikia ndoo ya rangi kisiwani Mafia. Mwundaji anayesoma tarehe ya amri na kuipaka siku hiyohiyo amesahau bahari iliyokuwa kati.

Atasema, na tuitazame picha. Lakini bamba za picha zilizotumika sana siku zile hazikuiona nyekundu. Ilitoka karibu na nyeusi, na buluu ikapauka ikakaribia nyeupe. Matokeo yake ni mtego mbaya. Duara la Wafaransa, lenye nyekundu nje na buluu ndani, huonekana katika bamba kama ukingo mweusi wenye kitovu cheupe. Na pete nyekundu ya wanamaji wa Kiingereza huonekana vivyo hivyo. Caudron ni ndege ya asili ya Kifaransa, kwa hiyo makosa hayo ni rahisi kwa mtu ambaye hakuuliza kwanza ndege ilikuwa mikononi mwa nani.

Kitambaa nacho kina hadithi yake. Kitani kilichopakwa dawa isiyo na rangi kilikuwa cha manjano hafifu. Baadaye, tangu 1916, Waingereza walieneza dawa iitwayo PC10, iliyochanganywa udongo wa manjano na masizi, kusudi kitani kisiliwe na jua. Wajuzi wamebishana miaka mingi kama ilikuwa kijani au kahawia. Yamkini wote wana haki, kwa kuwa rangi hiyo ilibadilika kwa umri na kwa vanishi.

Ng'ambo ya Ruvuma, mwaka 1917, Wareno walileta Farman F.40 Mocímboa da Praia. Luteni Jorge Gorgulho akafia huko mwezi wa Septemba. Msalaba wa Kristo, alama mashuhuri ya ndege za Kireno, ulichukuliwa 1918, hivyo kuupaka kwenye Farman ile ni kuandika tarehe ya uongo. Na Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani L59 ilitoka Jamboli, Bulgaria, ikikusudia uwanda huuhuu wa Makonde, ambako kitambaa chake kingeshonwa mahema. Iligeuzwa ikiwa juu ya Sudan. Anayeiunda ikitua Makonde anaunda ndoto.

Msalaba huo ulionekana sana baadaye, katika vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974, ndege za T-6 na Fiat G.91 zilipotumia kiwanja cha Mueda. Picha za rangi zipo, lakini vitabu vya waundaji huonyesha ndege kwa ubavu, na mtu wa bonde la Ruvuma aliiona kwa chini: tumbo, lililo na rangi hafifu kuliko mgongo, na alama chini ya bawa. Ushahidi wa wazee wa Nanyamba na vijiji vya mpakani unaweza kuziba pengo hilo, nao hupungua kila mwaka. Mtafiti atakayewaendea na aulize kwanza, aandike, kisha ndipo aonyeshe picha; kwani mzee akiisha kuiona picha, ataieleza picha.