Panya wa Kabwe wafichua sumu ya risasi

Madini ya risasi ni sumu kwa mamalia wa mwituni kama ilivyo kwa binadamu. Huingia mwilini kwa vumbi, maji na chakula, hudhuru damu, figo na mishipa ya fahamu, kisha hubaki katika mifupa kwa muda mrefu.

Mjini Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo ulibaki na sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulibaini risasi nyingi katika miili ya panya wasiofugwa. Kadiri ilivyozidi katika figo, ndivyo uzito wao ulivyoelekea kuwa mdogo.

Watoto wanaochezea udongo huohuo nao wamekutwa na risasi nyingi katika damu.