Zahanati na Mlango wa UKIMWI

Chato, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, ulikuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Biharamulo katika Mkoa wa Kagera. Na Geita, jirani yake wa mashariki, ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 pande hizo mbili ziliunganishwa katika mkoa mmoja wa Geita. Watu wake huishi kwa kilimo, uvuvi na dhahabu. Leo Chato ina hospitali kubwa ya rufaa ya kanda, na mpita njia aionaye aweza kudhani kwamba afya ya watu huanzia hapo. Lakini utafiti uliofanywa Mkoa wa Mwanza yapata miaka thelathini iliyopita wafundisha vingine.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wakati huo zahanati zilizojengwa vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilikuwa zikitaabika kwa ukosefu wa dawa. Mtu mwenye kidonda cha zinaa alikwenda zahanati, akakuta kabati tupu, akarudi nyumbani na maradhi yake. Nao matabibu walikuwa wameanza kushuku kwamba kidonda hicho ni mlango ambao virusi vya UKIMWI hupita kwa urahisi zaidi.

Ili kuipima dhana hiyo, wataalamu wa Tanzania, pamoja na wenzao wa AMREF na wa chuo cha afya na maradhi ya nchi za joto cha London, walichagua maeneo 12 vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila eneo lilikuwa na kituo cha afya pamoja na zahanati zake. Katika maeneo sita watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Dawa zililetwa bila kukatika. Wasimamizi walizuru mara kwa mara. Na wanakijiji walihimizwa kwenda kutibiwa mapema. Maeneo sita mengine yalibaki na huduma zake za kawaida, yakapewa mpango huo baada ya utafiti kwisha. Haikujengwa hospitali mpya hata moja.

Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa. Baada ya miaka miwili, katika wale ambao mwanzoni hawakuwa na virusi, walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2 katika maeneo yaliyosaidiwa, na asilimia 1.9 katika yale mengine. Yaani maambukizo yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Mienendo ya watu ya kujamiiana haikuonekana kutofautiana baina ya pande hizo mbili. Kwa hiyo sifa ilirudi kwenye matibabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na ulimwengu ukashangaa.

Walakini jambo halikuishia hapo. Katika Rakai, nchini Uganda, watafiti walijaribu njia nyingine: watu wazima wote, wagonjwa na wazima, walipewa dawa nyumbani kila baada ya miezi kumi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 hayakuonyesha upungufu wa maambukizo ya UKIMWI. Na utafiti wa Masaka uliofuata haukuonyesha pia. Wengine walisema kwamba UKIMWI ulikuwa umeenea Uganda kwa muda mrefu zaidi, hata vidonda vya zinaa havikuwa tena mlango mkuu. Wengine walitazama namna ya kutibu: dawa iletwayo mlangoni mara moja kwa miezi kumi haimfai mtu aumwaye leo, bali zahanati iliyo wazi kila siku humfaa.

Hoja hiyo haikumalizika, na mwenye kudai kwamba Mwanza ilipata dawa ya UKIMWI amekosea. Lakini mfano wake haukufutika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa afya ya kijiji huzibwa na mtumishi aliyefundishwa, kabati lenye dawa, na msimamizi ajaye kwa wakati wake. Hospitali ya rufaa ya Chato humpokea mgonjwa aliyekwisha kuelemewa. Mvuvi wa mwaloni na mchimba dhahabu wa Geita, kabla hawajaelemewa, hufika kwanza zahanati. Na ikiwa hapo hakuna dawa, ukubwa wa hospitali hauwafai kitu.