Tarehe ya Maseremala wa Siyu na Milango ya Amu

Hii ni tarehe ya maseremala wa Siyu, waliochonga milango, vitanda na viti vilivyoingia nyumba kubwa za Amu (Lamu), Pate na Shela. Naiandika kwa sababu kumekuwa na maneno. Kwenye baraza moja ya Langoni, mtaa wa Amu, baada ya sala ya alasiri, nilimsikia mtu mzima mwenye mvi zake akiwaambia vijana kwamba kuchonga milango kuliletwa na Wahindi, na kwamba Siyu ulikuwa mji wa washona viatu tu. Sikumjibu pale pale. Ni mkubwa wangu, na kahawa niliyokuwa nikinywa aliilipia yeye. Jibu langu ni hili.

Siyu iko kisiwani Pate, baina ya Pate yenyewe na Faza, mwisho wa mkono wa bahari uliojaa mikoko. Padri wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alipita kisiwani mwaka 1606, akaandika kuwa Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote hapo. Pate ilikuwa na masultani wake wa Kinabahani. Faza ilikuwepo. Siyu ilikuwa na wanazuoni, wanakili wa misahafu, wafua fedha, washona viatu vya ngozi, na ilikuwa na maseremala. Kwa hiyo yule mzee wa Langoni hakusema uongo kuhusu viatu. Alichofanya ni kuitaja sahani moja na kuisahau karamu nzima.

Wazee wetu wamesema, nami naandika kama nilivyosikia, kwamba kazi ya mbao Siyu ilishikwa na koo chache, na ukoo wetu ukiwa mbele. Babu yetu mkubwa simtaji jina, kwa kuwa wajukuu wametawanyika na kila tawi linadai ni lake peke yake. Inasemwa alikuwa akiutazama mti uliosimama na kusema utatoa miimo mingapi na vipande vingapi vya kizingiti, na msumeno ukipita hesabu haikosi. Inasemwa pia hakuchora kwanza kwa kalamu. Alipiga bikari duara moja katikati ya ubao, na kutoka kwenye duara hilo patasi ikajitafutia njia. Koo nyingine nazo zilifanya kazi.

Atakaye kuujua mlango wa Siyu na asimame mbele yake alasiri, jua likiwa upande. Nakshi zake si za majani na maua yaliyotokeza nje ya ubao. Ni za kukatwa kwa ndani, vipande vidogo vidogo vya pembe tatu, duara ndani ya duara, nyota ndani ya duara, kisha mikato hiyo hutiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ubao wenyewe hubaki bapa. Ukipitisha kiganja unahisi mashimo, huhisi vinundu. Mlango una mbao mbili, na katikati yake unasimama mfaa, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ukaufunika mwanya baina yake na wa pili. Hauna bawaba za chuma. Kila ubao umeachiwa vijiti juu na chini kwenye kona yake, na vijiti hivyo huzunguka ndani ya matundu ya fremu. Ukiutia mafuta kidogo haulii. Usipoutia, mtaa mzima utajua saa uliyorudi nyumbani.

Sasa mtu mwenye macho na aulinganishe na mlango wa Unguja. Ule wa Kihindi una tao juu, una maua yaliyotokeza, una njumu za shaba. Ni mlango mzuri, na Unguja ilikuwa na fedha ya karafuu ya kuulipia. Mwaka 1883 Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alijenga Beit al-Ajaib na milango yake inasifiwa. Hayo ya Unguja yanatosha. Ila mtu akikuambia mkono uliochonga ua lile ndio uliokata nyota ya Siyu, mwulize kama amewahi kushika patasi.

Hapa niseme ajabu moja ya Pate, maana wapenzi wa Pate watalalamika nikiwapita. Habari za Pate zinaeleza kwamba zama za utajiri wao watu wakubwa walipanda vitandani kwa ngazi za fedha, na nguzo za nyumba zao zilipigwa misumari ya fedha, na juu ya fedha ikapigwa ya dhahabu. Watu husoma habari hii wakaishia kwenye fedha. Mimi nauliza swali la seremala: kitanda cha kupandiwa kwa ngazi kina miguu ya urefu gani? Na mguu mrefu hivyo, uliokerezwa, unaobeba mume, mke, magodoro na mito bila kuyumba, nani aliuunganisha? Wafua fedha walifua ngazi, sawa. Ngazi ya fedha bila kitanda ni pambo la ukutani. Wazee wa Siyu wamesema vitanda vile vilitoka Siyu, vikapelekwa Pate kwa mashua vipande vipande na kuunganishwa chumbani, na sijaona sababu ya kuwabishia. Hata kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye pembe za ndovu zilizotiwa ndani ya ubao na kamba zilizosukwa mgongoni na kalioni, kimefuata akili hiyo hiyo. Vipande vyake hushikana ulimi kwa tundu, na fundi anayejua hukifungua na kukifunga tena.

Turudi kwenye tarehe yetu.

Karibu mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walipigwa na Waamu katika vita vya Shela. Tangu hapo Amu ikapanda na Pate ikashuka, na Sayyid Said wa Omani akapata mlango wa kuingilia. Siyu haikumfungulia. Katika miaka ya 1840 Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alisimama akawarudisha nyuma askari wa Sayyid Said, na amiri wao Hamad bin Ahmad aliuawa huko Siyu. Nataja vita hivi katika tarehe ya maseremala kwa makusudi. Mji uliolazimika kujifungia hujua thamani ya komeo. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mlango si pambo lililowekewa kufuli, ni kufuli lililotiwa nakshi, na funzo hilo wazee wanalitoa kwenye siku zile. Baadaye Siyu nayo ilishindwa. Bwana Mataka alikwisha kufa, na mwanawe akafa kifungoni Mombasa. Mji ukapungua watu. Wenye ufundi wakafuata kazi, na kazi ilikuwa Amu.

Ndipo tunapofika kwenye nyumba za Amu zenyewe. Wageni hushangaa kwa nini vyumba vyake ni virefu kama mashua na vyembamba kama kichochoro. Sababu iko darini. Dari ni boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, juu ya mawe chokaa. Uzito huo hauchezewi, na boriti ikivuka sana mita 2.5 bila nguzo huanza kupinda. Basi boriti ndiyo inayopima chumba. Mikoko yenyewe ina madaraja yake kwa unene, na mtoto wa seremala huyajua kabla ya kujua kuhesabu fedha: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Ukimtuma mtu boriti akakuletea mazio, mrudishe, hata kama punda ameshachoka.

Kazi ya seremala nyumbani haikuisha siku ya kuhamia. Binti akikaribia kuolewa, baba hakutafuta nyumba ya kupanga. Aliongeza orofa, au alivuka kichochoro kwa wikio akapata chumba juu ya vichwa vya wapita njia. Fundi akaitwa: boriti mpya, ngazi, mlango wa ndani, rafu, kitanda. Mgeni wa kiume alihitaji sabule, chumba cha wageni, karibu na tekani, ukumbi wa kuingilia, ili asivuke kiwanda, yaani ua, cha wanawake, na sabule ikahitaji mlango wake. Boriti iliyoliwa na dumuzi ikahitaji ya kuishika mkono. Kila nyumba ilikuwa na seremala wake kama ilivyokuwa na mkunga wake, naye alijua siri zote mbili: za chumbani na za mbao. Wazee wamesema boriti iliyokatwa mwezi ukiwa mchanga huliwa upesi, na kwamba ikilowekwa baharini kwanza hudumu. Sisi tunaloweka.

Niseme sasa aibu yangu, isije ikadhaniwa nimeandika sifa tupu. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi bila babu, niliitwa nyumba moja ya Mkomani, mtaa mwingine wa Amu, kutia mlango mpya wa sabule. Nikapima mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, mbao kavu kama karanga. Mlango ukakaa vizuri hata unywele haukupita, na nikajisifu kwa hilo. Masika yakaingia. Ijumaa moja akanijia kijana mbio.

"Fundi, mama anakwita. Mlango umekataa, na mgeni yumo ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Na adhana ya Ijumaa i karibu."

Nilimkuta mgeni ameketi nyuma ya mlango akisubiri kwa subira ya watu wema, mwenye nyumba akiniangalia bila kusema neno, jambo lililoniumiza kuliko tusi. Nikapitisha msumeno mwembamba ubavuni, nikausukuma, akatoka akawahi hutuba ya pili. Jioni nikamweleza babu. Hakuniuliza nilitumia mbao gani.

"Ulipima lini?"

"Kaskazi, babu."

"Basi ulimpima mtu akiwa na kiu. Ubao hunywa maji kama mtu. Ukiupima umekauka, uachie nafasi ya kunywa."

Tangu siku hiyo kila mlango ninaoupima wakati wa kaskazi huuachia mwanya wa kupita sarafu ya shilingi. Ninayo sarafu hiyo mfukoni, haitumiki kwa kingine.

Mambo ya karibuni nayapitia upesi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilizuia boriti za mikoko kupelekwa nje, na majahazi ya Ghuba yakakosa shehena. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wa Amu katika Urithi wa Dunia, na watu wa mbali waliozinunua nyumba kuukuu wakataka milango ya zamani, vioo vyenye fremu ya nakshi, na makabati ya jikoni ambayo bibi zetu wasingeyatambua. Mwaka 2018 likaja katazo la kukata miti, na mwaka uliofuata mikoko ya Amu ikaruhusiwa tena. Randa za umeme zimeingia. Msasa wa mashine umeingia. Karakana za Amu zimejaa vijana hodari, na wengi wao ukiwauliza babu zao walitoka wapi, watanyamaza kidogo kisha watataja Pate, Faza, au Siyu.

Hilo ndilo lililobaki la kuamua. Amu ilijenga, Amu ilinunua, Amu ilitunza, na shukrani inayo. Unguja ilipamba. Wahindi walileta ua lao na tao lao, na hakuna aliyewanyima. Ila mlango bapa wenye nyota iliyokatwa ndani na rangi tatu asili yake ni Siyu, na mkono uliofundisha ulitoka Siyu. Mwenye mlango wa namna hiyo asiuuze kwa mpita njia mwenye kamera, kwa kuwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamkataza huyo kuupeleka nje bila kibali, na kwa kuwa hautachongwa tena kama ulivyo.

Na mzee wangu wa Langoni, kahawa inayofuata nitalipa mimi. Akiendelea kubisha, na aende Siyu akatazame kwa macho yake. Aondoke na maji kujaa, kwa sababu yakipwa mashua haipiti kwenye mikoko.